Nani aliiua American Zoetrope: studio kubwa au Coppola mwenyewe?

Kunguru_Mweupe (mleta mada)
Wadau, nimebishana na shemeji hadi chai imepoa, nikaona nilete kwenu. Mwaka 1969 waongozaji wa sinema Francis Ford Coppola na George Lucas waliipa Hollywood kisogo, wakaenda San Francisco kuanzisha American Zoetrope, kampuni ya kutengeneza sinema bila bosi mwenye suti kusimama nyuma ya kamera. Miaka 13 baadaye, ilipotoka One from the Heart (1982), kampuni ikalala chali. Shemeji anasema imeuawa na studio kubwa. Mimi nasema Coppola alijichimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe. Filamu yenyewe ni kisa cha wapenzi wawili wa kawaida waliogombana, halafu mtu anaijenga Las Vegas nzima ndani ya studio! Leteni hoja, ushabiki acheni mlangoni.

Fundi_Taa
Shemeji yako yuko sahihi, wewe una hasira za chai. Zoetrope ilipigwa ikiwa bado inanyonya. Studio kubwa ya Warner Bros. walitoa fedha za kuanzia, wakakaa kungoja miswada na filamu ya kwanza. Walipooneshwa THX 1138 ya Lucas hawakuelewa hata ni kitu gani. Novemba 1970 wakavunja makubaliano, wakairudisha miswada, na fedha walizotoa zikageuka deni shingoni mwa Coppola. Filamu yenyewe wakaipunguza dakika kadhaa ndipo wakaitoa 1971. Na miswada iliyorudishwa? Mmojawapo The Conversation, mwingine Apocalypse Now. Yaani mtu anakurudishia mayai ya dhahabu, halafu anakudai pumba za kuku.

Chapa_Ilale
Acheni kumlilia tajiri. Hao Zoetrope si ndio waliotengeneza The Godfather? Ile peke yake inalisha ukoo mzima hadi kiama.

Fundi_Taa
Godfather ni ya studio ya Paramount, kaka. Coppola aliajiriwa tu kuiongoza, tena alikubali kwa shingo upande kwa sababu ya madeni hayohayo. Lucas ndiye aliyemsukuma, kwamba hatuna kitu, ichukue kazi.

Chapa_Ilale
Haya, ya Paramount. Fungu lake si alipata? Lilikwenda wapi?

Mama_Redio
Lilikwenda Ufilipino, mwanangu. Fungu lingine alinunua shamba la mizabibu bonde la Napa mwaka 1975, lakini kilichommaliza ni Apocalypse Now, filamu ya vita aliyoipiga hukohuko Ufilipino. Kimbunga cha 1976 kilibomoa sehemu kubwa ya mandhari ya kuigizia, mwaka uliofuata mwigizaji mkuu Martin Sheen akapata mshtuko wa moyo katikati ya kazi, bajeti ikavimba ikapita dola milioni 30, na Coppola akaweka mali zake rehani ili kamera zisizime. Watu walikuwa wanamchimbia kaburi magazetini. Ikatoka 1979, ikagawana tuzo kuu ya tamasha la Cannes na filamu The Tin Drum, na fedha zikarudi. Mimi nasema ushindi ule ndio uliomponza. Mtu akivuka mto uliofurika akasalimika, safari ya pili hata kina hapimi.

Kunguru_Mweupe
Mama umenisaidia. Hiyo ndiyo hoja yangu. Mwaka 1980 akanunua studio nzima, Hollywood General, pale palepale alipokuwa amepakimbia! Unakimbia moshi, unarudi kununua jiko?

Fundi_Taa
Aliinunua ili aimiliki, mkuu. Kupanga ni kitu kingine na kumiliki ni kitu kingine. Alitaka waandishi, waigizaji na mafundi wa mishahara ya kila mwezi kama zamani, lakini bila wale wazee wa ofisini. Na ile teknolojia mliyomcheka, ya kukaa ndani ya gari lenye skrini za video akiona picha papo hapo na kupanga mabadiliko kabla ya kuhariri, leo nani anafanya kazi bila skrini ya namna hiyo? Wote mnamcheka mkiwa mmevaa shati lake.

Chapa_Ilale
Mwongozaji anawaelekeza waigizaji kwa kipaza sauti akiwa amejifungia kwenye gari, halafu mnashangaa filamu haina moyo. Tena jina lake lina neno moyo. Mimi nina jibu fupi. Mtu aliyempa binti yake nafasi kwenye Godfather III, ya kuendesha kampuni angeyajulia wapi?

Dada_Shani
Tulikuwa tunaongea vizuri jamani. Chapa, unajua kilichotokea au umeokota njiani? Nafasi ile ilikuwa ya Winona Ryder. Alijitoa kazi ikiwa imeshaanza, studio inataka filamu itoke Krismasi ya 1990, na Sofia alikuwa binti wa miaka 18 tu. Baba yake ndiye aliyemtuma kuziba pengo. Dunia nzima ikamzomea mtoto, aliyemtuma akaachwa.

Chapa_Ilale
Pengo gani? Los Angeles waigizaji wamejaa kama mchanga, macho yakaona wa nyumbani tu. Dada yake Talia Shire yumo. Baba yake Carmine kwenye muziki. Mpwa wake Nicolas Cage kwenye filamu nyingine. Ile ilikuwa kampuni au kikao cha ukoo?

Dada_Shani
Carmine alipata Oscar ya muziki wa Godfather II, yeye na Nino Rota. Naye alibebwa? Baba alibebwa na mtoto? Na Cage huyo alilitupa jina la Coppola makusudi ili watu kama wewe wasiseme amebebwa. Mkasema hivyohivyo.

Mtaa_wa_Pili
Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Chapa_Ilale
Huyu hakuanzia kwenye mivukuto, mkuu. Alikabidhiwa nyundo, chuma, na wateja wakiwa wameshapanga foleni.

Dada_Shani
Na alipoishika nyundo akafua nini? Lost in Translation, 2003, Oscar ya mswada bora. Filamu ya kampuni gani hiyo, mwalimu wangu? American Zoetrope. Mtoto mliyemzomea ndiye aliyelirudisha jina la kampuni midomoni mwa watu, baba mtu akiwa amekaa miaka bila filamu. Mngekuwa na haya mngeomba radhi.

Chapa_Ilale
Filamu ya watu wawili kukaa hotelini Tokyo hawalali. Nililala mimi.

Dada_Shani
Basi ulipata ulichostahili.

Mhasibu_Mstaafu
Mniwie radhi naingia katikati, miaka yangu imeishia kwenye vitabu vya hesabu vya watu. Naona mnatafuta muuaji bila kumkagua maiti. One from the Heart ilimeza dola kama milioni 26. Paramount waliokuwa waisambaze walijitoa, Columbia wakaichukua, na katika kumbi za Marekani haikuingiza hata milioni moja. Sasa tazameni hatari ilikaa wapi. Msambazaji akisambaza, anakata gharama na ujira wake kwanza. Benki ina riba yake. Studio iliyonunuliwa inataka mishahara kamera iwe inazunguka au imelala. Anayebaki mwisho wa foleni ni mwenye kampuni, na mwenye kampuni ameweka mali zake dhamana. Studio kubwa ina filamu nyingi kwa mwaka, moja ikizama nyingine inaivuta, na juu ya hayo ina mtandao wa kuzifikisha kwenye kumbi. Zoetrope ilikuwa na kamera, meza za kuhariria, vipaji vya kumwaga, ila njia ya kufika kwa mtazamaji ilikuwa mikononi mwa walewale waliokimbiwa 1969. Uhuru wa kutengeneza bila uhuru wa kusambaza ni nusu ya uhuru, na nusu hiyo ndiyo yenye gharama. Linganisheni na Lucas: kwenye Star Wars alikubali ujira mdogo wa kuongoza, akang'ang'ania haki za muendelezo na za bidhaa. Mwaka 2012 akaiuza kampuni yake, Lucasfilm, kwa Disney kwa zaidi ya dola bilioni 4. Coppola studio yake iliuzwa 1984 kulipa wadai, na akabaki na mvinyo.

Mtaa_wa_Pili
"Akabaki na mvinyo" 😂 mzee umemaliza.

Chapa_Ilale
Kumbe mlevi.

Mama_Redio
Kulima zabibu si ulevi, Chapa. Punguza ulimi. Mvinyo huo ndio uliomtunza uzeeni.

Fundi_Taa
Mhasibu nakuheshimu, ila kwa Lucas sikubali. Huyo unayemsifu ndiye aliyemwacha mwenzake kwenye mataa. American Graffiti (1973) Universal waliikubali kwa sababu jina la Coppola lilikuwepo kama mtayarishaji, Godfather ikiwa bado ya moto. Gharama hazikufika dola milioni moja, na mapato yakaja kupita milioni 100. Alipopata zake akajenga himaya yake pembeni. Rafiki wa hivyo wa nini?

Jongoo_Mkavu
Lucasfilm ilianzishwa 1971, kabla ya Graffiti. Sasa alimkimbia kabla ya kupata? Na hiyo Apocalypse Now mwanzoni Lucas ndiye aliyetakiwa kuiongoza. Kaa nayo miaka, mwenzako aichukue, halafu uitwe msaliti.

Fundi_Taa
Aliichukua kwa kuwa Lucas alikuwa anashughulika na roboti zake za Star Wars.

Jongoo_Mkavu
Roboti zilizolipa. Na 1980 hao unaosema waliachana walikuwa pamoja kwenye Kagemusha ya mwongozaji Kurosawa, mzee wa watu amekwama kifedha kule Japani, wao wawili wakaishawishi studio ya Fox iongeze fedha. Ugomvi wao uko kwenye kichwa chako, Fundi.

Fundi_Taa
Sikusema waligombana. Nimesema alimwacha.

Jongoo_Mkavu
Umesema "rafiki wa hivyo wa nini". Panda juu kasome maneno yako mwenyewe.

Dada_Shani
Wanaume mkianza na Star Wars hamwishi. Tulikuwa kwa Sofia na Chapa hajajibu.

Chapa_Ilale
Nijibu nini? Ile tuzo ya filamu mbovu, Razzie, alipewa kwa Godfather III au hakupewa?

Dada_Shani
Alipewa, mbili. Ndipo akaacha kuigiza akashika kamera. Wewe ukikosea unafanya nini zaidi ya kurudia?

Nahodha_Jabali
Nimesoma uzi wote tangu asubuhi, na kichwa chake ni cha uongo. Kampuni haijafa! Bram Stoker's Dracula ya 1992 iliingiza dola zaidi ya milioni 200 duniani ikamtoa shimoni. Ofisi zake zimekaa miaka na miaka kwenye lile jengo la kona la San Francisco, Sentinel, la rangi ya kijani. Megalopolis ya 2024 imetengenezwa na nani? Mnafanyia matanga mtu anayekula chakula chake.

Kunguru_Mweupe
Sikusema imekufa. Nilisema imelala chali.

Nahodha_Jabali
Kichwa cha uzi kinasema "Nani aliiua". Umekiandika mwenyewe.

Kunguru_Mweupe
Kichwa ni cha kuvutia watu, mkuu. Na kwa kweli Megalopolis inanipa haki. Dola milioni 120 za kwake, alizopata kwa kuachia sehemu ya biashara ya mvinyo, filamu ikaingiza kama milioni 14. Ni One from the Heart nyingine, safari hii akiwa na miaka 85. Swali langu lilikuwa hilo tangu mwanzo: mtu wa namna hii anajifunza lini?

Fundi_Taa
Tangu mwanzo swali lilikuwa nani aliiua, sasa limekuwa anajifunza lini. Kesho utauliza viatu anavaa namba ngapi.

Mama_Redio
Kwani lazima ajifunze? Fedha zake, jasho lake, shamba lake. Wengine hununua mashua zikaoza bandarini, hatuwafungulii uzi. Mimi niliitazama The Conversation nikiwa msichana, picha ina mikwaruzo na sauti inakatika, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba sauti peke yake inaweza kumtia mtu hofu. Aliyeifanyia kazi ile sauti ni Walter Murch, kijana wa Zoetrope tangu siku za THX, yuleyule aliyekuja kupata Oscar ya sauti kwa Apocalypse Now. Mlango ule usingefunguliwa San Francisco, sijui Murch angekuwa wapi. Hilo kwenye vitabu vya Mhasibu linaandikwa upande gani?

Mhasibu_Mstaafu
Halina upande, mama. Lakini hoja yangu ya usambazaji bado haijajibiwa na mtu.

Chapa_Ilale
Mzee tunakuja huko. Dada Shani kwanza, ulisema Razzie mbili. Ya pili ya nini?

Dada_Shani
Ya kwanza mwigizaji msaidizi mbovu, ya pili sura mpya mbovu. Umefurahi?

Chapa_Ilale
Sana.

Mtaa_wa_Pili
Samahani, mimi Godfather III sijaiona. Kuna toleo la 2020 alilolihariri upya akalipa jina la Coda. Nianze na lipi?

Dada_Shani
Anza na Coda. Inafunguka Michael, bosi wa mafia, akizungumza na askofu mkuu habari za fedha, hailemei kama ile ya 1990, na mwisho kaupunguza. Sofia yumo vilevile, umtazame bila kelele za Chapa.

Chapa_Ilale
Itazame zote mbili, uje useme hapa kama ameigiza.

Kunguru_Mweupe
Shemeji ameusoma uzi. Anasema ameshinda.