Mjadala: Je, ni haki kumpa mtu mtihani kabla ya kumruhusu kutoa maoni?

Wadau, hoja iliyo mezani ni ya Bilibili, mtandao wa video wa China wenye makao Shanghai. Kutazama ni ruksa kwa yeyote. Lakini ukitaka uanachama kamili na haki ya kuandika maoni, kuna mtihani wa maswali 100, na usipopata alama 60 unabaki mtazamaji. Wengi humu wameuita ubaguzi. Mimi nautetea, ila si wote.

Maoni ya kule hayakai chini ya video. Yanapita juu ya picha yenyewe, kwenye sekunde ileile aliyoilenga mwandishi. Mtindo huo, danmu, ulitoka Niconico, mtandao wa video wa Japani. Filamu ikikaribia pa kutisha, onyo linapita: kaeni tayari. Kisha watu wanamwaga maandishi hadi sura ya mzimu inafunikwa, waoga waweze kuendelea. Aliyeandika mwaka jana anamkinga anayetazama leo! Sasa mmoja akiandika hapohapo muuaji ni nani, kawaharibia wote, maana yanakujia machoni utake usitake. Kwa hiyo maswali ya adabu ya danmu yabaki, na yawe magumu.

Nisiyoyakubali ni maswali ya katuni na michezo ya kompyuta. Mwaka 2009, Xu Yi alipoanzisha mtandao huu kwa jina la Mikufans, ulikuwa wa mashabiki wa Hatsune Miku, mwimbaji wa katuni mwenye sauti ya kompyuta, hivyo yaliingia akilini. Leo watumiaji kwa mwezi wamepita milioni 300, na wapo waliofuata mapishi au somo la hesabu tu. Kuwajua wahusika wa katuni hakumpi mtu ustaarabu.

Kuna mdau kadai mitihani ya namna hii ingekomesha fujo za mashabiki China. Hapo nampinga. Februari 2020 mashabiki wa mwigizaji Xiao Zhan walichukizwa na hadithi moja iliyomhusu, wakaushtaki kwa wingi mtandao wa hadithi wa AO3 kwa mamlaka, na mwisho wa mwezi huohuo ukafungiwa nchini humo. Wale kanuni walizijua vizuri sana, na ndizo walizozigeuza silaha. Mei 2021 ikaja aibu ya shindano la kusaka mastaa la iQIYI, mtandao mwingine wa video wa China: msimbo wa kupigia kura uliwekwa kwenye vifuniko vya chupa za maziwa, na video zikaonyesha watu wakifungua chupa na kumwaga maziwa mtaroni ili wabaki na vifuniko. Mimi namlaumu aliyeiuza kura kabla ya shabiki aliyeinunua. Agosti mwaka huo serikali ilipiga marufuku orodha za kuwapanga mastaa kwa umaarufu, na kwa hilo iligusa penyewe.

Mnaotaka mtihani ufutwe wote, nijibuni: mgeni aliyejiunga leo atajuaje mipaka ya kuandika juu ya picha inayotazamwa na wengine, kama si kwa kuulizwa kwanza?