Naomba ushauri: laptop ya RAM GB 4 na mradi wa mwisho wa diploma

Wakuu, shikamooni, na wa rika langu habari zenu.

Nasoma diploma ya kompyuta hapa Mwanza, NTA level 6 (mwaka wa mwisho wa diploma). Mradi wangu ni programu ya simu ya bei za dagaa na sangara, kwa ajili ya akina mama wa mwaloni Kirumba, soko la samaki. Mama yangu anauza dagaa, kwa hiyo nataka ifanye kazi kweli.

Laptop yangu ina RAM GB 4, Android Studio (programu ya kutengenezea programu za simu za Android) inataka angalau 8. Nimeacha emuleta (simu ya kuigiza ndani ya laptop), najaribia kwenye simu kwa waya wa USB. Bado inaganda, kipanya hakisogei kabisa, mara mbili nimepoteza kodi (code) nilizoandika.

Nijibane niongeze RAM, au nihamie tovuti ya PHP (lugha ya kuandikia tovuti) inayofunguka kwenye simu? Na msimamizi hukubali mabadiliko wakati pendekezo la mradi limeshapita?