Ruta ina viini vinne, kimoja kinaelemewa peke yake

fundi_langoni
Assalam aleikum. Nasambaza intaneti hapa Lamu kwa nyumba za wageni za Langoni na Shela, antena ziko juu ya mapaa. Ruta yangu ni kompyuta ndogo ya Linux yenye prosesa ya viini (core) vinne. Kila bandari (port, tundu la waya wa mtandao) nimeifunga kwenye kiini chake: Shela, Langoni, faiba inayoleta intaneti; cha nne kinashughulikia DNS (kutafuta anwani za majina ya tovuti) na hesabu za wateja.

Mchana haina neno. Ikiingia magharibi wageni wa Shela wanarudi kutoka ufukweni, kila mtu anapiga simu kwao kwa intaneti, sauti zinakatikakatika. Kwenye htop, programu inayoonyesha kazi ya kila kiini, kiini cha Shela ni asilimia 100, vingine havina kazi, na faiba haijafika hata nusu. Maulidi ikifika mambo hugeuka, Langoni ndiko kunakoelemewa. Ninunue mashine kubwa?

binti_mkomani
Waleikum salaam kaka. Usinunue kwanza. Unatazama megabiti, na kinachoichosha ruta ni idadi ya pakiti, yaani vipande ambavyo data husafirishwa navyo. Gigabiti 1 ikijaa pakiti za baiti 1,500 ni kama 81,000 kwa sekunde. Ikijaa fremu ndogo kabisa, za baiti 64, ni karibu milioni 1.49. Na kila moja, kubwa kwa ndogo, inatafutiwa njia na kupitishwa kwenye fayawoli na NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje). Sauti ya simu kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde kwenda, 50 kurudi, kwa kila anayeongea. Zidisha kwa wageni wote wa Shela.

La pili, na hili linaniuma kila nikiliona, ni mgao wa kudumu. Trafiki inahama, wewe mwenyewe umesema. Waliounda prosesa za mtandao, chipu maalumu za kupitisha pakiti, walikutana na jambo hili zamani. Intel IXP1200 ya 1999 ilikuwa na injini ndogo sita (mfano wa viini vyako), kila moja na nyuzi (thread) nne. Ukitenga mbili kwa huduma hii na nne kwa ile, siku huduma ya kwanza ikifurika zile injini nne zinakaa bure huku pakiti zinatupwa. Ndiyo maana watu wakatafuta namna ya kusoma urefu wa foleni na kuhamisha injini kazi ikiwa inaendelea.

Kwako ni rahisi zaidi: andika f (maana yake viini vyote vinne) kwenye rps_cpus ya kila bandari, mpangilio wa RPS, njia ya Linux ya kugawia viini pakiti zinazoingia; viini vyote vinne vitagawana pakiti.

mzee_wa_foleni
Sawa kabisa, ila RPS hugawa kwa mkondo, yaani pakiti zote za mawasiliano mamoja huenda kiini kimoja, haigawi pakiti mojamoja. Na ni vizuri: pakiti za mkondo mmoja zikipishana njiani, TCP, itifaki inayohakikisha data inafika kwa mpangilio, hudhani zimepotea na kupunguza mwendo. Je, kuna mteja anayepitisha kila kitu ndani ya VPN (njia ya siri iliyofichwa) moja?

fundi_langoni
Yupo, ami. Hoteli moja ya Shela, inatumia VPN ya WireGuard.

binti_mkomani
Basi trafiki yao yote ni mkondo mmoja wa UDP (itifaki ambayo WireGuard husafiria), utabaki kwenye kiini kimoja hata ukinunua mashine ya viini kumi na sita. Waombe simu za wageni zipite nje ya VPN, wabakishe kazi za ofisi tu. Kisha weka flowtable (njia ya mkato) ya nftables, fayawoli ya Linux, mikondo iliyokwisha kubaliwa isipitie sheria zote upya. Leo saa moja na nusu usiku endesha mpstat -P ALL 1, ututumie safu ya %soft, inayoonyesha muda ambao kila kiini kinatumia hasa kwa kushughulikia pakiti.