Tupeane uzoefu: siku mwanga ulipokugomea, iwe porini au ofisini kwa wakubwa

fundi_wa_tabata
Wakuu habari zenu. Jana usiku nilikuwa napunguza mafaili kwenye hadi diski maana imejaa, nikafungua folda moja ya 2018 nikakuta sura za wakurugenzi tisa, mwili ukanisisimka. Wale wazee niliwapiga kwa ajili ya ripoti ya mwaka ya kampuni yao. Nilifika na kamera moja na lenzi moja ya milimita 50, ukumbi wa mikutano una taa nyeupe dari zima, nikasema hapa mwanga ni wa kumwaga, flashi ya nini. Shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, nikaiweka sekunde 1/500 ili mtu akitikisika asiharibu picha. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu safi. Nafika nyumbani naweka kwenye kompyuta, mistari ya giza imekata nyuso, mwingine umempita puani mwingine kwenye paji, na ngozi zote zimeingia ukijani. Tisa wote. Nikarudi kuomba tupige upya, wawili walishasafiri, kazi akapewa mtu mwingine na hela sikuiona.

Naomba kila mwenye mkasa wake auweke hapa, mandhari au picha za kiofisi, na alichojifunza. Kuna vijana wanaanza kazi hii wasipitie tulikopita.

kijana_wa_kinondoni
Mistari hiyo ilinikuta kwenye sendofu ya dada yangu mwenyewe. Pole mkuu.

mama_studio_moro
Umenikumbusha mbali mwanangu. Hizo taa zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni hezi 50, jicho halioni ila shata ya haraka inaona. Weka 1/50 au 1/100 mistari inapungua au inaisha kabisa. Na ukitaka kujua kabla hujaanza, washa kamera ya simu uielekeze kwenye taa, ukiona mistari inatembea kwenye kioo cha simu basi usizitegemee.

Mimi nimeanza na picha za paspoti, nina miaka mingi kwenye kazi hii, na nitasema kitu kimoja, picha ya bosi haiharibiwi na kamera, inaharibiwa na haraka. Wanakupa dakika tano kwa mtu na anaingia na simu mkononi, ukimkalisha mbele ya lenzi anakuwa kama anasubiri sindano, mabega juu, meno yamefungwa. Mimi namuuliza kwao wapi na mwaka huu mvua imekuwaje. Akianza kueleza mahindi yake ya Kilosa mabega yanashuka yenyewe, hapo ndipo nabonyeza.

Mengine ni haya, nayasema jinsi yanavyokuja. Naomba wazime taa za dari zote. Flashi yangu moja ndani ya softiboksi, kile kiboksi cha kitambaa cha kulainisha mwanga, naiweka pembeni kidogo na juu ya usawa wa macho, upande wa pili nasimamisha ubao mweupe mwepesi wa kurudisha mwanga. Mtu simbandiki ukutani, namvuta mbele hatua mbili ili kivuli chake kiangukie chini kisikae nyuma ya kichwa. Lenzi ya milimita 85 na mimi niko mita mbili, ukimsogelea na lenzi pana pua inakuja mbele na masikio yanapotea. Mwenye miwani, napandisha taa juu zaidi na kumwomba ashushe kidevu kidogo, mng'ao unatoka kwenye vioo. Tishu ya kufuta jasho haikosi mfukoni, ofisi nyingine kiyoyozi hakifanyi kazi.

Na sisi weusi jamani, kamera haijui. Ikiona suti nyeusi na uso mweusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, shati jeupe linaungua. Ikiona kanzu nyeupe inapunguza, uso unakuwa kama mkaa. Kwa hiyo usiiachie ikuamulie. Pima kwenye shavu, angalia shati lisiungue, halafu taa iwe kubwa na karibu. Ngozi yetu inachorwa na ule mng'ao laini wa pembeni, kuimwagia mwanga mwingi kutoka mbele ni kuifuta.

dogo_lenzi
Mama shikamoo. Nimepiga skrinishoti hii yote.

mlima_asubuhi
Niko Moshi. Mkasa wangu ni wa mlima. Kuna watu walinipa kazi ya picha kubwa ya kubandika mapokezi, wanataka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na theluji na shamba la migomba mbele. Nikajipa siku mbili. Nikakaa siku tisa! Ilikuwa mwezi wa saba kama huu, baridi na mawingu kutoka asubuhi mpaka jioni, mlima upo pale una mita 5,895 na wewe huuoni hata kivuli, wageni wanakuuliza uko upande gani unawaonyesha wingu. Siku ya tisa nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikaukuta umefunguka wote, Kibo mpaka Mawenzi, ukiwa wa waridi. Nilikuwa nimelala mbali na ile migomba. Nikapanda bodaboda tukakimbia, nafika nafungua tripodi, wingu hilo linapanda kutoka msituni. Nilipata fremu nne na mbili zimetikisika.

Tangu hapo nalala pale pale ninapopiga, na tripodi naiacha imefunguliwa. Mwanzo wa mwaka, Januari na Februari, ndio mlima unajiachia. Na asubuhi, saa tatu ukiwa hujapiga rudi ukanywe chai.

fundi_wa_tabata
Siku tisa kaka! Pole sana.

kibo_jioni
Hapo kwenye asubuhi tu sikubaliani. Jioni dakika za mwisho kabla ya jua kuzama mawingu mara nyingi yanashuka na kilele kinabaki juu peke yake. Picha zangu nzuri zote za Kibo ni za jioni.

mlima_asubuhi
Zako ni za upande gani? Mimi nazungumzia Moshi, wewe unapigia West Kilimanjaro kwenye nyanda kavu, huko ni mlima mwingine kabisa.

kibo_jioni
Mlima ni ule ule mkuu, usitake kuwafundisha watu kuwa jioni haifai.

mlima_asubuhi
Nimesema Moshi. Soma.

dada_wa_filta
Asubuhi au jioni, kikubwa msije mkadanganywa na video za wazungu wanaosema una saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, kwenye dakika 25 hivi limeshavuka ule ulaini na linaanza kuchoma. Kila kitu kiwe tayari giza likiwepo bado. Mimi nafika natumia tochi. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f8 au f11 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), fokasi naiweka mbele kidogo ya katikati siyo kwenye mlima wenyewe, taima ya sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera, na kile kitufe cha kutuliza lenzi nakizima ikiwa juu ya tripodi.

dogo_lenzi
Kwa nini si f22 dada? Nimesikia inaleta ukali kila mahali.

dada_wa_filta
Tundu likiwa dogo sana mwanga unasambaa pembeni na picha nzima inalegea. Jaribu f8 na f22 kwenye kitu kimoja kisha uvute karibu, utaona mwenyewe.

pwani_ya_fumba
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nilikuwa sitaki kuisema hii ila hapo kwenye wakurugenzi tisa imenirudia yote.

Hoteli moja walitaka picha za mameneja wao wanne wakiwa na suti, wamesimama kwenye fungu la mchanga mweupe, nyuma yao tanga la ngalawa. Wazo zuri. Nikawaambia tutapiga jioni mwanga ukiwa laini. Tukatoka Fumba, Unguja, na boti ya mashine, saa saba mchana tukashushwa, nahodha akasema anaenda kuwachukua wageni wengine atarudi, akasema pia "msikae sana, leo bamvua". Mimi mtu wa bara, bamvua nililisikia kama jina la mtu.

Fungu lilikuwa kubwa, unaweza kucheza mpira. Nikaanza na za majaribio, jua la utosi, matundu ya macho yote meusi, nikawaambia hizi si zenyewe, tusubiri. Tukakaa chini ya mwavuli wa taa tunapiga stori. Nikainua macho, ule mchanga tulioshukia haupo. Saa nane kasoro. Nikadhani nimekosea upande. Tukasogea juu, dakika chache maji yako kwenye viatu tena. Yanakuja pande zote mbili na hayana kelele, hicho ndicho kilichonitisha. Saa nane na nusu fungu lote limekuwa mkeka, watu watano, mabegi matatu, stendi mbili. Napiga simu kwa nahodha haipatikani. Nikasema nipige hivyo hivyo maana hela ya watu, maji kwenye vifundo vya miguu, nikapiga kama thelathini. Halafu yakafika magotini na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini kabisa, mimi sijui kuogelea. Alikuwa ameshika tripodi kwa mikono miwili. Begi la flashi lilielea likaondoka nikiliangalia, siwezi kulifuata maana kamera niko nayo juu ya kichwa.

Mvuvi na mwanawe ndio walituona. Walikuja na ngalawa yao, wakatupakia wawili wawili, mimi nikawa wa mwisho, maji kiunoni. Mzee yule hakutaka hata senti.

Zile picha thelathini, kila mtu anaangalia chini kwenye maji. Hakuna hata moja ambayo macho ya wote wanne yako kwenye lenzi. Nililipa boti, nikalipa suti kufuliwa, flashi ikaenda. Yule asiyejua kuogelea nilikutana naye mjini, alinisalimia vizuri tu, mimi ndiye niliyeshindwa kumwangalia.

kijana_wa_kinondoni
Duh.

mama_studio_moro
Mwanangu mshukuru Mungu. Flashi inanunuliwa.

dogo_lenzi
Kaka nahodha alirudi?

pwani_ya_fumba
Alirudi saa kumi. Mashine ilimzimikia njiani, simu ilikuwa imelowa. Sijamlaumu, alinionya.

mtoto_wa_unguja
Ndugu yangu pole sana, na nataka wengine waelewe kilichotokea. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, tofauti karibu mita 4. Na maji hayapandi sawasawa, saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa ndiyo yanakimbia. Wewe ulishushwa katikati ya mbio zenyewe. Ukitaka fungu siku ya bamvua nenda saa mbili asubuhi, maji yanatoka, fungu linazidi kukua chini ya miguu yako na jua bado halijawa kali. Piga maji yakitoka, usipige yakiingia.

kibo_jioni
Si asubiri tu wiki moja, maji mafu, yanakupwa jioni apate mwanga wake anaoutaka?

mtoto_wa_unguja
Maji mafu hayatoki sana. Mafungu mengine hayafunuki kabisa, mengine unapata kipande cha kusimama watu wawili. Na saa husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo muulize mvuvi wa pale pale na si kalenda ya ukutani.

kibo_jioni
Mimi nimepiga maji mafu na fungu lilikuwepo.

mtoto_wa_unguja
Fungu lipi?

dada_wa_filta
Jamani. Tuendelee. Kwa wanaoenda Zanzibar, jambo dogo: ukitoka chumba cha kiyoyozi kamera inatokwa jasho, kioo cheupe dakika ishirini na jua ndio linachomoza. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani, toka nayo hivyo hivyo, ifungue ikishapata joto. Ngorongoro ni kinyume chake, pale ukingoni kuna baridi na ukungu, betri zinakufa haraka, ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili.

meru_drone
Na wenye droni msirushe bila kibali. Mwenzangu alinyang'anywa.

studio_ya_ubungo
Nirudi kwa mabosi. Ninachokiona kigumu siyo taa, ni mteja kukwambia ning'arishe. Mimi namng'arisha kidogo, hela yake.

mama_studio_moro
Hapana. Chunusi nitatoa, kovu la jana nitatoa. Rangi ya mtu sigusi. Nimewahi kuona picha ya mama mmoja imening'inizwa ofisini kwake, wajukuu wake wanauliza huyu nani.

studio_ya_ubungo
Mama kwa heshima, nisipofanya mimi anaenda duka la pili.

mama_studio_moro
Na aende. Mpige vizuri tangu mwanzo, taa ikiwa sawa haombi. Wanaoomba ni waliozoea kupigwa wakatoka kama mkaa.

studio_ya_ubungo
Hapo kwenye taa nimekuelewa.

fundi_wa_tabata
Wakuu nimerudi, leo Alhamisi niko kazini Posta ghorofa ya 14, watu saba. Nimejaribu ule mtihani wa simu wa mama, mistari inatembea kama siafu. Nimeomba wazime taa wanasema swichi ni ya ghorofa nzima. Flashi ninayo moja. Kuna chumba kidogo taa zake zimekufa, kina dirisha kubwa. Nina dakika kumi kabla hawajaanza kuja. Nijaribu?

dada_wa_filta
Dirisha linaangalia wapi? Vitabu vyao vinasema kaskazini ndio mwanga tulivu.

fundi_wa_tabata
Hili linaangalia kusini, naona kama Kigamboni kule.

mama_studio_moro
Kusini ndiyo kwenyewe mwanangu! Vitabu hivyo vimeandikwa Ulaya. Dar mwezi wa saba jua liko kaskazini siku nzima, hilo dirisha haliingii jua kabisa. Mkalishe ubavu kwa dirisha, si mgongo. Ubao mweupe upande wa pili. Pima shavuni.

fundi_wa_tabata
Wa kwanza anaingia.