Tupeane uzoefu: War Robots ulianzaje, na kosa lipi lilikugharimu?

Wakuu, salaam zenu.

Wiki iliyopita nimemkuta dogo wa jirani kaifuta War Robots, ile gemu ya simu ya vita vya roboti, kwa hasira. Kacheza siku nne, kachapwa siku nne. Nikacheka, maana mimi mwenyewe niliifuta mara mbili kabla haijaniingia. Gemu ipo tangu 2014, video za mafundisho zimejaa, ila nyingi ni za watu wenye roboti ambazo mgeni ataziona mwakani. Hapa nataka kitu kingine: kila mtu aseme alianzaje na alikosea wapi. Hata wa Mech Arena, gemu nyingine ya roboti, karibuni, ugonjwa ni uleule.

Kwa asiyeijua: ni sita kwa sita, mechi haizidi dakika 10. Kila mtu anaingia na hanga yake, yaani kikosi chake cha roboti. Roboti ikilipuka imekwisha kwa mechi ile, unaita nyingine, na ukiishiwa zote unabaki mtazamaji. Uwanjani kuna bikoni tano, yaani vituo vya kukamata kwa kusimama juu yake, na kila timu ina mstari wake juu ya skrini. Upande wenye bikoni nyingi unaula mstari wa mwenzake taratibu mpaka uishe.

Naanza mimi.

Mwezi wa kwanza nilijiona komando. Nilikuwa na roboti inaitwa Leo, yenye bunduki za Thunder moja na Punisher tatu, chuma kizito kinachokaribia watu na kuwamwagia. Siku hiyo tupo Springfield, ule uwanja wa nyumba na barabara. Nimejibanza nyuma ya ukuta nawinda. Mmoja akatokea, nikamla. Wa pili, wa tatu. Mpwa wangu wa darasa la sita ameegemea bega langu anatazama. Akaniuliza, "Mjomba, mbona mstari wetu umekuwa mfupi hivyo?" Nikamwambia anyamaze kwanza, namalizia huyu. Nikammaliza kweli. Na mechi ikaisha hapohapo, tumeshindwa.

Kwenye jedwali la matokeo nilikuwa wa kwanza kwa kuangusha roboti, kwenye safu ya bikoni nina sifuri. Upande wa pili kulikuwa na jamaa hajaua hata mmoja, kakamata nne. Mpwa hakusema neno, aliitazama tu ile sifuri yangu. Tangu siku hiyo kabla sijafyatua natupa jicho juu ya skrini kwenye zile alama tano: ngapi bluu (zetu), ngapi nyekundu (zao). Zikiwa mbili kwa tatu dhidi yetu, uwindaji nauacha, natembea.

Tiririkeni.

—

Fundi Redio

Mleta uzi umenigusa. Kosa langu mimi lilikuwa uroho. Silva yoyote niliyopata, ile pesa ya ndani ya gemu, niliimwaga kila mahali. Roboti hii levo mbili, ile levo tatu, bunduki nne nusunusu. Baada ya wiki sita nina hanga yenye kila kitu na hakuna kinachoua.

Roboti inapanda mpaka levo 12, na kila levo inataka silva zaidi na muda zaidi. Za mwanzo ni dakika, za juu ni siku. Na kadiri unavyopanda ligi unakutana na watu waliokazania roboti mbili tu tangu mwanzo. Mimi nakuja na Griffin levo nne, yeye Griffin levo tisa. Griffin ileile! Nilikuwa nikimpiga naona kama namrushia punje za mahindi.

Nilichofanya, niliacha roboti zote, nikachagua Griffin moja na bunduki zake nne, basi. Miezi miwili sikununua kitu kipya, hata zile za kumeta. Iliuma, ila ndipo nilipoanza kupumua.

Kingine: usiku kabla ya kulala hakikisha kuna kitu kinapanda levo. Mtu anayeacha foleni yake tupu usiku kucha ni kama fundi aliyeacha charahani imewaka bila kitambaa akaenda kulala. (Mke wangu akisoma hapa atajua nilikuwa naamka saa tisa kufanya nini.)

—

Mtoto wa Nyasubi

Mimi nilichanganya bunduki. Nimewahi kufunga Trebuchet na Orkan kwenye roboti moja! Trebuchet inapiga mpaka mita 1,100, Orkan ni mita 300. Kwa hiyo nikikaa mbali nusu ya silaha imelala, nikisogea karibu nusu nyingine inasuasua. Nikajiona nina akili, eti niko tayari kwa lolote.

Siku mtu aliyenizidi umri kwenye gemu aliponiambia, "dogo chagua umbali wako," ndio nikaelewa. Punisher zote, mita 500. Au Molot zote, mita 800. Ukijua umbali wako unajua pia usimame wapi, na ukiona namba ya umbali wa adui kwenye skrini haijafika kwako, tulia, usimwage risasi ovyo ukaja kukutwa unajaza.

—

Binti wa Kisauni

Hamjambo. Niko Mombasa, nacheza kwa simu ya bei ya chini kabisa, kioo kina ufa, naomba mnistahi.

Kila mtu hapa anasema chuma kizito. Mimi nilianza na Cossack na sijawahi kujuta. Ni kiroboti chembamba, silaha moja, damu (uhai wa roboti) kidogo, watu wanakicheka. Lakini kinakimbia na kinaruka. Mechi ikianza wale wazito bado wanajikokota kutoka nyuma, mimi nishafika bikoni ya kwanza, nasimama kwenye duara nahesabu, inageuka bluu, naruka juu ya paa, naenda ya pili. Siku nzuri nakamata tatu kabla risasi ya kwanza haijalia.

Halafu nitakufa. Hilo nalikubali. Kazi ya Cossack ni kufa ikiwa imeshalipa. Adui akiacha kazi yake akanifukuza, nampeleka mbali, naruka huku na huku, yeye kageuza mgongo na wenzangu wanamchapa. Kuna mmoja alinifukuza kwa nusu dakika kuzunguka jengo moja. Jitu zima, mabunduki mazito, ananifukuza kama mama anayefukuza kuku aliyeingia jikoni. Hakunipata.

Ila msifanye nilivyofanya mwanzo, kuingiza Cossack wakati bikoni zote zishashikwa na watu wazito wamekaa juu yake. Hapo unajitoa kafara bure. Cossack ni ya dakika ya kwanza, au ya mwisho kabisa wakati watu wameishiwa roboti na uwanja uko mtupu.

—

Kobe Mzee

Mimi nitapingana nanyi kidogo. Mnawasema sana wanaopiga kutoka mbali. Kuna uwanja kama Shenzhen, una sehemu za juu, mtu akikaa na bunduki ndefu anawasaidia waliopo chini. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu na sioni aibu.

—

Mleta uzi

Kobe, mmoja sawa. Shida ni timu yenye wanne wamepanda juu wanarushiana risasi za mbali na upande wa pili, na sisi wawili chini tunazikwa.

—

Binti wa Kisauni

Na hao wanne wakishuka, wanashuka mstari umeshaisha 😂

—

Kobe Mzee

Nimekubali, wawili basi.

—

Wa Mwanza Hapa

Hamjagusa mtandao. Huku kwetu jioni saa moja mpaka saa nne kila mtu yuko hewani, na gemu inaganda. Unaona adui yuko kushoto, unapiga kushoto, kumbe keshakuwa nyuma yako sekunde nzima iliyopita. Nilidhani sijui kucheza. Nikaja kucheza saa kumi na moja alfajiri siku moja kwa sababu ya usingizi kukatika, nikashinda mechi tano mfululizo. Simu ileile, hanga ileile, mikono ileile.

Kwa wenye simu kama zetu: shusheni ubora wa picha mpaka chini kabisa kwenye mipangilio ya gemu. Zimeni programu zinazojisasisha nyuma, hasa zile za video. Kava la simu toeni mkicheza, simu ikipata moto inapunguza kasi yenyewe. Na msianze mechi mkiwa na chaji asilimia tisa mkitegemea umeme utarudi. Niliwahi kuacha roboti imesimama katikati ya barabara kama mnara wa simu, wenzangu wakalazimika kucheza watano. Hilo siwezi kulisamehe hata kwangu.

Na kama mtandao unasumbua leo, chukua roboti nzito ya karibu. Kulenga kwa mbali na kuruka vinataka mtandao safi. Kusimama nyuma ya ukuta na kumsubiri mtu akate kona, hata mtandao wa kijijini unatosha.

—

Sitaji Jina

Yangu fupi. Kwenye gemu moja ya roboti, si lazima niitaje, nililipa hela ya kodi ya chumba kununua roboti mpya iliyokuwa inawasha moto kila mechi. Wiki chache baadaye ikapunguzwa nguvu, na ikaja nyingine mpya dukani. Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za roboti.

—

Ndugu wa Maskati

Mimi na binamu yangu tunacheza pamoja, yeye yuko Muscat, mimi Unguja. Wao wako mbele saa moja tu, kwa hiyo tunapatana baada ya isha. Tunapigiana simu ya WhatsApp, tunaweka sikioni upande mmoja, tunaingia.

Miezi ya mwanzo tulikuwa wawili lakini kila mtu na mechi yake. Yeye kulia, mimi kushoto, tunakutana kwenye matokeo kulaumiana. Kilichotubadilisha ni zile ngao. Kulikuwa na jamaa wa upande wa pili ana ngao ya duara ya bluu, inaitwa Ancile, imemfunika. Mimi nina Punisher na roketi, nampiga, ngao inameza tu. Nimemwaga kila kitu. Naendelea kupiga kelele kwenye simu, "huyu hafi, huyu kaiba!" Binamu yangu ana Taran na Magnum, silaha za nishati. Akaniambia, "Kaka, wewe acha kumpiga, simama mbele akutazame wewe." Nikasimama. Yeye akaja ubavuni, umbali wa mita kama 300. Ile nishati ikapita kwenye ngao kama haipo. Sekunde chache tu, jamaa chini.

Ndipo tulipokaa tukagawana. Hatubebi silaha za aina moja tena. Akiwa na nishati mimi nabeba risasi. Na tuna neno moja tu la vita: "huyu." Mmoja akisema "huyu" na kutaja mahali, wote wawili tunampiga huyo mpaka afe, hata kama kuna mwingine ananitekenya pembeni. Kwa sababu roboti mbili zenye nusu ya damu zote bado zinapiga kwa nguvu zote. Hilo lilinichukua muda mrefu kulielewa kuliko nilivyopenda.

Binamu akipatwa na wageni nyumbani hupokea simu hivyohivyo, nasikia vikombe vya kahawa na mama mkubwa akiuliza nani huyo anayemwambia "huyu, huyu."

—

Fundi Redio

Hilo la kumaliza mmoja ni kubwa. Wageni wengi wanapiga yeyote aliye mbele, mechi inaisha hawajaangusha mtu ingawa risasi wamepiga nyingi.

—

Mtoto wa Nyasubi

Niongeze moja: ukibaki na damu kidogo, rudi nyuma ya jengo. Mwanzoni nilikuwa naona kurudi ni woga, nafia uwanjani kishujaa, dakika ya tatu nimeishiwa roboti zote. Roboti yenye damu robo iliyojificha karibu na bikoni bado inailinda. Iliyokufa hailindi kitu.

—

Mleta uzi

Nimesoma zote, nimemwita mpwa asome pia. Sasa yuko kidato cha kwanza, ana akaunti yake na Cossack kama ya Binti wa Kisauni. Jana tumeingia pamoja, mimi na Leo yangu ileile, yeye na kile kiroboti. Tupo katikati, mimi nimebanwa na watu wawili, nikamwita aje anisaidie.

Akaniambia, "Mjomba vumilia kidogo, nakamata ya tano."

Nikalipuka. Tukashinda.

Leo saa tatu usiku tuko wawili, kama Wa Mwanza mtandao wake umekubali, tunahitaji wa tatu.