Mtoto karudishwa nyumbani tena, halafu tunaambiwa tukaze mshipi

Wazazi wenzangu, nimefika mwisho. Jumanne saa nne asubuhi naosha karai la mahamri hapa Likoni, Mombasa, namwona mwanangu wa kidato cha tatu anakuja na mkoba mgongoni. Karudishwa. Deni la chakula cha mchana, shilingi 2,400. Kaja kwa miguu, kaingia ndani, kakaa, hakusema neno. Hajaiba, hajapigana. Kosa lake ni kuwa mamake hana.

Nikaenda shuleni moto unaniwaka. Mwalimu mkuu akanifungulia daftari tu: maharagwe yanadaiwa, kuni zinadaiwa, walimu walioajiriwa na bodi hawajalipwa, pesa za serikali zimekuja nusunusu. Nilimwendea kugombana, nikaondoka namhurumia.

Mgao wa mwanafunzi wa sekondari, yaani pesa ambazo serikali ya Kenya hutakiwa kuipa shule kwa kila mtoto, ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Serikali yenyewe ndiyo iliyouweka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi akawaambia wabunge hawawezi kuutoa wote, kinachopatikana ni kama 16,900. Pigeni hesabu: shule ya watoto 400 inapungukiwa zaidi ya milioni 2. Nani analijaza hilo pengo? Mwalimu mkuu ananiletea mimi, mimi sina, mtoto analala na chai kavu.

Na msiniambie nchi haina pesa! Deni la Eurobond, mkopo wa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lililoiva Juni 2024 lililipwa. Tena Februari tulikopa upya kwa riba ya karibu asilimia 10 ili tulilipe. Wa huko nje hajaambiwa arudi kesho. Juni hiyohiyo vijana wetu walipigwa risasi wakipinga Mswada wa Fedha, ule ulioanza kwa kutaka hata mkate utozwe kodi ya VAT ya asilimia 16. Mswada wote ukaondolewa, tukaambiwa basi matumizi yatakatwa. Mimi nilidhani yatakatwa magari na safari. Kumbe na sahani ya mwanangu imo.

Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure (basic education, si shule ya msingi tu), tena na lishe. Sikuiandika mimi.

Kesho namrudisha mwenyewe mpaka getini, na siondoki mpaka nijue mgao wa muhula huu uliingia lini na ulikuwa kiasi gani. Mwenye mtoto shule ya kutwa, popote ulipo, kaulize hivyohivyo kisha uje useme hapa umejibiwa nini.