Tupeane uzoefu: nani ameshasaidiwa na wakili wa bure Malindi au Lamu?

MwanaGanda
Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nimefungua uzi huu kwa kuwa watu wetu wengi wanapokonywa haki zao huku wakiamini wakili ni wa mwenye pesa. Hapa Kenya Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2016, na ndiyo iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, inayogharamiwa na serikali. Mbali na hiyo kuna vituo vya sheria vya kijamii, vyenye wasaidizi wa kisheria waliopata mafunzo na wanaoishi mitaani mwetu. Aliyepitia huko atueleze, mazuri na mabaya.

Naanza na shangazi yangu. Shamba la Ganda amelilima tangu ujana, na minazi yote waliipanda yeye na marehemu mumewe. Mwaka juzi akaletewa barua: ahame ndani ya siku 14. Ndugu wakaanza kuchanga pesa za lori. Mimi nikasema kwanza twende kituoni.

Dada aliyetupokea hakuuliza tuna shilingi ngapi. Aliuliza barua ililetwa lini, ililetwa na nani, na nani aliipokea. Akachukua penseli akaizungushia ile tarehe, akatueleza kwamba Sheria ya Ardhi inamtaka anayemtoa mtu kwenye ardhi ya kibinafsi ampe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3. Kisha akamwambia shangazi amtajie majirani waliokuwapo minazi ilipopandwa. Akaandika jina, umri, na kama mtu bado yu hai. Orodha ile ndiyo iliyokuja kutupatia mashahidi, kwa sababu aliyekaa kwenye shamba waziwazi miaka 12 bila ruhusa ya mwenye hati anaweza kwenda mahakamani kudai liwe lake. Tulipata wakili, na mahakama ya ardhi hapa Malindi ikatoa amri ya kuzuia asitolewe. Kesi haijaisha, lakini nazi anaangua.

MzeeWaMarereni
Mwanangu, hilo la ardhi ni kidonda cha pwani nzima. Serikali ya mkoloni ilipoleta sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, ilimtaka kila mwenye shamba ajitokeze adai. Wengi wa wazee wetu hawakufikiwa na habari, ardhi yao ikahesabiwa ya serikali, na nyingine ikaandikwa majina ya watu ambao hatujawahi kuwaona. Wajukuu leo wanaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, pale pale walipozikwa babu zao. Kwa hiyo ukipata barua kama ile usiitupe wala usiichane kwa hasira. Iweke, na bahasha yake.

BintiFaza
Mimi yangu ni ya watoto. Niliachwa nikiwa na watatu, na baba yao akakata matumizi kabisa. Nyumbani waliniambia nisubiri, atarudi kwenye akili yake. Nilisubiri mpaka mwalimu akamrudisha mkubwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Kutoka kwetu Faza hadi Amu, yaani mji wa Lamu, ni mashua, na mashua inangoja maji. Ukiambiwa uje saa tatu na maji yamekupwa, ujue utalala kwa watu. Kwa hiyo nashukuru msaidizi wa kisheria aliyetutembelea kijijini kwetu, maana alinipanga kabla sijapanda chombo: cheti cha ndoa, hati ya talaka, vyeti vya kuzaliwa, risiti za karo, za daktari, hata za nguo za sikukuu. Akanifafanulia kwamba talaka, eda na mirathi ni kwa Kadhi, na matumizi ya watoto naweza kuyadai mahakama ya watoto. Katiba kifungu cha 53 kinasema baba na mama wana wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Afisa wa watoto alimwita baba yao, akaja, tukaandikiana mkataba mbele yake. Sasa hivi hela inaingia kwa simu kila mwezi. Ikichelewa, mkataba ninao.

Dada zangu, msione haya. Mimi niliyoyaogopa ni maneno ya watu, na maneno hayakumlipia mtoto karo.

KakaMuyeye
Kakangu alishtakiwa kwa mauaji. Nyumba nzima ilikuwa inalia. Mamangu alitaka kuuza kiwanja. Kumbe kwa shtaka la mauaji Mahakama Kuu humpa mshtakiwa asiye na uwezo wakili anayelipwa na serikali, na kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki hiyo pale ambapo bila wakili atadhulumiwa. Wakili alifika rumande, akamsikiliza, akafuatilia mashahidi wetu. Kakangu aliachiliwa.

Rafiki yake alikuwa na kesi nyingine, ya wizi wa mabavu, kwa hakimu, na hakuna aliyemwambia lolote. Sheria ile ya 2016 inaitaka mahakama imweleze mshtakiwa asiye na wakili kwamba anayo haki ya kuwakilishwa. Hakimu akisahau, simama mwenyewe useme: naomba wakili, sina uwezo. Liandikwe kwenye faili.

NahodhaWaAmu
Sisi wavuvi tuliona nguvu ya kwenda pamoja. Bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa serikali uitwao LAPSSET, ilipoharibu sehemu zetu za kuvulia, kesi ilikwenda Mahakama Kuu ya Malindi, na mwaka 2018 ikaamuliwa wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mvuvi mmoja na mtumbwi wake asingesikizwa.

MpishiMstaafu
Niliachishwa kazi hoteli moja ya ufuoni bila barua na bila mshahara wa miezi ya mwisho. Nenda kwa afisa wa leba mapema. Madai ya kazi yana mwisho, ni miaka 3 tangu ulipodhulumiwa. Wenzangu waliongojea watalii warudi, wakidhani wataitwa, walifika kituoni muda umepita na hawakuweza kusaidiwa.

Duka_la_Shella
Nami nadaiwa, samahani, *nadai*, 180,000 kwa mteja wa jumla. Hawa wa serikali watanisimamia?

MwanaGanda
Hapana, ndugu yangu. Kufuatilia madeni hakumo kwenye msaada ule, wala kodi wala kesi za kuchafuliwa jina. Wewe njia yako ni mahakama ya madai madogo: inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unajisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Beba daftari la mkopo lenye sahihi yake.

UmmuSalma
Kuna kijana nje ya mahakama aliniomba 3,000 "ya kufungua faili ya wakili wa bure". Nimpe?

MwanaGanda
Usimpe hata shilingi, mama. Ingia ndani, ofisi ya msajili, uulize mwenyewe. Ada ya kufungua kesi ni jambo jingine, na hiyo pia asiye na uwezo anaweza kuiomba mahakama imsamehe. Ni kesi ya nini?

UmmuSalma
Mirathi ya marehemu mume wangu. Shemeji zangu wanataka nitie sahihi karatasi Ijumaa hii. Iko kwa Kiingereza.

BintiFaza
Dada, usitie. Waambie unataka isomwe kwanza. Ipige picha kurasa zote, uje nayo Amu Alhamisi pamoja na cheti cha kifo na cha ndoa. Mimi nitakuwapo tangu asubuhi, nitakupeleka kituoni kisha kwa Kadhi.

UmmuSalma
Nitakuja inshallah. Kuna chombo cha alfajiri.